Kiuno cha Kungwi

1.

Kijiko.


2.

Kilianguka kijiko, basi. Hakukuwa na gunia la korosho wala ndoo ya maji. Kilikuwa kijiko cha chai, cha bati, kilichoteleza kwenye sahani kikalala karibu na mguu wa Somoe Ntila, naye akainama kukiokota kama alivyookota vijiko maisha yake yote. Alipofika katikati ya kuinama, mgongo ukakataa kwenda mbele. Akataka kurudi. Ukakataa na kurudi.

Alibaki hapo.

Bintiye Tabia, aliyekuwa anasuuza vyombo uani, alimwona mama yake ameinama mlangoni akadhani anatafuta kitu. Akamuuliza anatafuta nini. Somoe akamjibu kwamba hatafuti kitu, aache sufuria aje amshike.


3. Kwa msomaji wa mbali

Kama umekulia mahali ambako hakuna unyago, ngoja nikuweke sawa.

Kungwi ni mwanamke anayewafunda wasichana, nao huitwa wali (mmoja ni mwali), wanapoanza kuwa watu wazima. Hukaa nao ndani, akawaeleza mwili wao unavyofanya kazi, kila kiungo kwa jina lake, bila kumung'unya maneno. Tena huwafundisha kucheza, na kucheza kwenyewe kunatoka kiunoni. Katika vijiji vya korosho upande wa Masasi, Somoe ndiye aliyesifiwa kwa kiuno. Wanawake husema ngoma ikimkolea, mabega yake hayatikisiki hata kidogo, ungeweza kumwekea kikombe cha chai kichwani huku chini kumewaka moto. Wanaume hawajui, kwa kuwa hawaruhusiwi kuona. Wanajua kwa kusikia, na waliposikia wakatia chumvi yao.

Mambo mawili zaidi, kisha nakuacha.

La kwanza: kungwi hamfundi binti aliyemzaa. Mama na bintiye hawatajiani mambo hayo, hata nyumba ikiwaka moto. Tabia alifundwa na mwanamke mwingine, Abiba Nampoto, kungwi mwenzake Somoe.

La pili: mbele ya mkwe wa kiume, mama mkwe hatamki hata neno "paja".


4. Sababu za maumivu ya kiuno cha Somoe, kama zilivyotajwa uani na waliokuja kumpa pole

— Upepo mbaya.

— Figo. (Aliyesema hivi alijishika begani kuonyesha figo ilipo.)

— Sakafu ya saruji. Watu wa zamani walilala kwenye udongo na hawakujua kuumwa kiuno.

— Godoro jipya.

— Godoro la zamani, lile alilolitoa.

— Uzazi. Kichwa cha Tabia kilikuwa kikubwa, kila mtu anakumbuka.

— Umri. (Huyu hakuongezwa chai.)

— Amefungwa.


5.

Neno hili la mwisho lilisemwa kwa sauti ya chini, na ndilo Somoe alilolisikia vizuri kuliko yote.

Msimu wa unyago uliopita, wali walipotolewa nje, Abiba alisema mbele ya wanawake kwamba kiuno cha Somoe kimeanza kuzeeka na sasa kingekaa pembeni kipige makofi. Alisema kwa utani. Wanawake walicheka, na Somoe naye alicheka, kisha akarudi nyumbani na tangu siku hiyo hakukanyaga uani kwa Abiba. Makungwi hao wawili walikuwa wamecheza wakitazamana tangu wote wawili hawajaolewa. Sasa wakikutana kisimani kila mmoja alikuwa na haraka ya kwenda kwingine.

Na sasa kiuno kimekatika, msimu mwingine unakaribia, na kuna wali ndani wanaomngoja. Somoe alijumlisha mambo yake. Jibu lilitoka Abiba.


6. Tiba za nyumbani, kwa mfuatano

Kanga ikafungwa kiunoni, ikakazwa mpaka akashindwa kula.

Maji ya moto na chumvi.

Akakandwa na shangazi mwenye mikono ya mtwanga mihogo. Usiku ule hakuna aliyelala nyumba ile, wala nyumba ya jirani.

Akaumikwa chuku, damu ikanyonywa kwa pembe.

Akalazwa chali kwenye mkeka na kukatazwa kuinuka. Chakula kililetwa alipo, na maji yake ya kunawa yaliletwa alipo. Wageni walimsifu kwa kutulia. Alitulia, mgongo ukawa mgumu, akazidi kuumwa. Kwa kuwa alizidi kuumwa, wakamwambia atulie zaidi.


7. Tangazo lililobandikwa ukutani, kituo cha afya cha kata

KWA WAGONJWA WOTE WA MGONGO NA KIUNO

Mnatangaziwa kama ifuatavyo:

(a) Maumivu mengi ya mgongo wa chini hayatokani na ugonjwa mkubwa. Hutokana na misuli, maungio na mishipa iliyochoka au kuvutika, na mara nyingi sababu moja kamili haijulikani. Wengi hupata nafuu ndani ya wiki chache.

(b) Usilale kutwa. Endelea kutembea na kufanya kazi nyepesi kadiri uwezavyo. Kulala sana huchelewesha kupona.

(c) Picha ya eksirei haihitajiki kwa kila mgonjwa. Mgonjwa asigombane na mhudumu kwa kunyimwa picha.

(d) Sindano si alama ya kupendwa.

(e) RUDI KITUONI MARA MOJA, BILA KUNGOJA MIADI, endapo utaona

        NI MARUFUKU KUFUNGA MBUZI
        KATIKA ENEO LA KITUO
        Kwa amri, Uongozi


8.

Tangazo la mbuzi lilikuwa jipya, na gundi yake ilikuwa nzuri. Kwa hiyo ile (e) Somoe aliipata kwa mdomo.

Aliyempeleka ni mkwe wake, Bakiri, mume wa Tabia, kijana mpole mwenye bajaji iliyochoka kuliko yeye. Tabia alikuwa na mtoto mwenye homa. Somoe hakuweza kusimama peke yake, basi Bakiri akaingia naye hadi chumbani kwa daktari akimshika kiwiko, uso wake ameuelekeza upande mwingine kwa adabu.

Daktari aliitwa Elikana. Alikuwa kijana kutoka nyanda za juu, Tukuyu, kwenye migomba na ukungu, na alikuwa amehamishiwa huku hivi karibuni. Alimwamkia shikamoo vizuri, akamuuliza kazi yake. Somoe akasema analima. Hakuwa amelima tangu mvua zilizopita, lakini mambo ya unyagoni hayaelezwi kwa mwanamume, tena asiye mwenyeji, tena mbele ya mkwe. Daktari akaandika mkulima.

Alimpima kwa subira. Aliinua mguu mmoja ukiwa umenyooka, kisha mwingine. Alimwambia asukume kiganja chake kwa unyayo. Aligonga magoti kwa kinyundo. Mwishoni akamwambia habari njema, kwamba haoni ugonjwa mkubwa, kwamba migongo mingi hufanya hivi na hupona, kwamba aache mkeka, atembee, na vidonge vimsaidie tu ili aweze kutembea.

Somoe hakuipokea kama habari njema. Alikuwa ameoga kwa mashaka makubwa na kuvaa kanga mpya kwa ajili ya picha. Picha haikupigwa. Mtu kiuno kimekatika, naye anaambiwa akatembee.

Halafu daktari akaweka kalamu chini.

"Mama, kuna mambo ukiyaona usingoje, hata iwe saa ngapi. Ganzi kati ya mapaja, pale unapokalia. Mkojo kukataa kutoka, au kutoka bila wewe kujua. Choo kikubwa vilevile. Miguu kuishiwa nguvu. Ukiona hata moja, uje siku hiyohiyo. Ni nadra, lakini mishipa ya huko ikibanwa, tukichelewa hairudi."

Alisema yote hayo kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesoma ratiba ya basi.

Somoe alipunga mkono mbele ya uso kana kwamba kuna inzi. "Nimesikia, mwanangu," akasema.


9. Bakiri

Mimi nilimwona mbuzi.

Ukiniuliza daktari alisema nini pale, nitakuambia kwamba dirishani palikuwa na mbuzi mweupe mwenye doa jeusi sikioni, amefungwa kwenye nguzo ya kituo, anatafuna boksi. Nilimwangalia mbuzi yule mpaka nikamjua. Daktari alipoanza yale maneno, ningeweza kutoka nje, lakini nilikuwa nimemshika mama, na nikimwachia ataanguka. Basi nikatoka kwa macho.

 Njiani mama alisema tu kwamba barabara imeharibika. Nikakubali kwamba imeharibika sana.


10.

Jambo la kushangaza ni kwamba ushauri wa yule kijana ulifanya kazi.

Somoe alianza kutembea kwa hasira, ili aonyeshe kwamba haisaidii. Alienda mpaka mkorosho wa kwanza na kurudi. Kesho yake akaenda mpaka ule wa pili. Maumivu yalikuwapo, ila yakawa yanajua mipaka. Alianza kupika akiwa amesimama. Aliingia ndani kwa wali wake, akakaa kwenye kigoda, akawaelekeza kwa mdomo na mikono, na jioni moja, ngoma ikigongwa polepole kwenye beseni, kiuno chenyewe kikajitikisa kidogo bila kuombwa. Wali waliona. Yeye alijifanya hakuona, lakini alifurahi karibu alie.


11.

Jumamosi alipiga chafya.


12.

Chafya moja tu, ya vumbi la kufagia. Kitu kilichomoka huko chini ya mgongo, maumivu yakashuka miguu yote miwili mpaka kwenye vidole, akakaa chini palepale.

Kufikia jioni maumivu yalianza kupungua.

Yalipungua yakaacha nafasi yake

        tupu

Alipokaa kwenye kigoda hakukisikia kigoda. Aliona amekaa, kwa macho, lakini pale anapokalia hapakumletea habari yoyote. Alijigusa kupitia kwenye kanga. Mkono ulisikia mwili, mwili haukusikia mkono. Alienda chooni akachuchumaa kwa kushikilia ukuta, akangoja, hakikutoka kitu. Baadaye, akiwa amelala na wala hajahisi haja, aligundua mkeka umelowa.

Alijua. Hili naliweka wazi ili usije ukamwonea huruma kwa sababu isiyo yake. Somoe hakuwa mjinga, na maneno ya yule kijana aliyakumbuka moja baada ya jingine. Miaka yote hiyo aliwafundisha mabinti wa watu kwamba mwili ukibadilika hapo, usinyamaze, mwambie mkubwa wako.

Alibadilisha kanga. Akanyamaza.


13. Uani, Jumapili

"Mgonjwa anaendeleaje?"

"Alhamdulillahi. Leo halalamiki kabisa."

"Maumivu yamekwisha?"

"Yamekwisha. Amekataa tu chai, anasema tumbo limejaa."

"Basi kapona, huyo."


14. Watu ambao Somoe angeweza kuwaambia

Tabia. Mama hamtajii bintiye.

Bakiri. Heri kufa.

Daktari. Ni mwanamume, ni mdogo kwa Tabia, na kumfikia ni lazima Bakiri amshike kiwiko.

Shangazi mwenye mikono ya mtwanga mihogo. Kabla ya adhuhuri kijiji kizima kingejua kwamba kungwi anajikojolea, na mama gani tena angemkabidhi binti?

Wali. Wao ndio wanaomtegemea awaambie.

Somo yake, aliyemfunda yeye. Yuko kaburini.


15. Simu

Jumapili hiyohiyo daktari Elikana alimpigia Bakiri. Hakulazimika. Alikuwa na tabia ya kufuatilia wagonjwa wake, jambo lililowashangaza wenyeji, wakadhani anatafuta mchumba. Alimwuliza Bakiri mama anaendeleaje, kisha akamwomba amwulize mambo mawili tu, la ganzi na la mkojo, halafu amjibu.

Bakiri akasema sawa, daktari.

Alizunguka bajaji yake. Alifuta kioo kilichokuwa safi. Kisha alimwita mkewe pembeni akamwambia kwamba daktari anauliza kama mama yuko sawa kwa upande wa yale mambo. Tabia akauliza mambo gani. Bakiri akasema, yale. Tabia akaelewa, uso ukamwiva, akaingia kwa mama yake.

Akamwuliza, "Mama, kila kitu hakijambo?"

Somoe akajibu, "Kila kitu hakijambo."

Tabia akamwambia Bakiri kila kitu hakijambo. Bakiri akampigia daktari.

"Yuko vizuri," alisema, na moyo wake ukatulia kabisa, kwa kuwa alikuwa amefanya alichoagizwa.


16. Mahali hapa msomaji ana haki ya kukasirika

Kasirika. Mimi pia nimekasirika, na mimi ndiye ninayesimulia. Lakini kabla hujamtukana mtu yeyote kati ya hawa, jaribu jambo moja. Mfikirie mama mkwe wako, au mkweo, au baba mkwe, yeyote yule unayemheshimu mpaka unashusha macho. Sasa mtajie kwa sauti

Umeona.


17.

Jumatatu asubuhi Abiba Nampoto alikuja kumjulia hali mgonjwa.

Hakuja na kitu mkononi. Alipiga hodi, akaitikiwa na Tabia, ambaye kwa kuwa alikuwa mwali wake alipiga goti kumwamkia. Abiba akamwambia aende dukani. Tabia akauliza akanunue nini. Abiba akasema lolote, ila asirudi upesi.

Ndani, Somoe aligeuza uso ukutani. Abiba akakaa chini karibu na mkeka, akanyoosha miguu. Alivuta pumzi. Chumba kilikuwa kimefukizwa udi mwingi mno kwa saa ile ya asubuhi, na kwenye kamba palianikwa kanga nyingi kuliko anazochafua mtu aliyelala tu.

"Umelowa," alisema Abiba.

Somoe alijivutia kanga hadi shingoni.

"Nakuuliza kama nilivyowahi kuwauliza wali, na wewe utanijibu kama wanavyojibu. Umelowa, na hukujua unalowa. Ndiyo?"

"Umefurahi?"

"Nifurahi nini?"

"Umenifunga kiuno, sasa kimekufa. Umefurahi?"

Abiba alimtazama. Mtu aliyeshitakiwa uchawi kwa kawaida hupandisha sauti, na Abiba alikuwa na sauti ya kupandisha. Hakufanya hivyo. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa kiganja kwa kuudhika.

"Mimi nikufunge wewe," alisema. "Halafu nicheze na nani?"

Ndipo Somoe alipogeuka. Akamwambia yote, kuanzia chafya, kwa majina yake kamili, kama wanavyozungumza wanawake wa ndani. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuyasikia yakitoka kinywani mwake kuhusu yeye mwenyewe, na alishangaa yalivyokuwa mafupi. Alipomaliza akamwomba Abiba ayafikishe kwa daktari.

Abiba alikataa. Alisema yanayosemwa ndani yamesemwa ndani, na yeye hajawahi kuyavunja na hatayavunja leo. Akasema yeye atamvalisha, na atapanda naye bajaji, na atakaa karibu naye. Lakini kusema, atasema mwenye mwili.

Kisha akatoka uani akamwita Bakiri kwa jina lake kavu, jambo ambalo halifanyiki, na Bakiri akaja mbio.


18.

Miguu haikumbeba. Kutoka mlangoni mpaka kwenye bajaji, na kutoka kwenye bajaji mpaka chumbani kwa daktari, Bakiri alimbeba mama mkwe wake mikononi. Hakuna mila iliyoandaliwa kwa jambo hilo, basi wote wawili walilivumilia bila mwongozo.

Daktari Elikana alipomwona amebebwa alisimama. Akamwambia Bakiri amlaze kitandani na angoje nje. Bakiri akageuka.

"Asitoke," alisema Somoe.

Abiba alimtazama. Daktari alimtazama. Bakiri alitazama dirishani, lakini hapakuwa na mbuzi.

Kwa nini hakumwacha atoke? Nimelifikiria sana. Nadhani alijua kwamba akianza kutafuta wakati mzuri, mlango uliofungwa, daktari wa kike, maneno ya heshima, atatafuta mpaka jua lizame. Alikuwa na nafasi moja ya ujasiri na hakutaka kuipoteza kwa kupanga watu.

Akasema.

Alisema anapokalia hapasikii kitu. Alitaja hapo ni wapi, na wapi tena, mbele na nyuma, kwa sauti ileile aliyoitumia kufundishia. Alisema mkojo umekataa kutoka na sasa unajitokea wenyewe. Alisema hajapata choo kikubwa tangu hapo. Na alipofika hapo akaongeza kwamba yeye si mkulima, ni kungwi, na kazi yake ni kiuno.

Bakiri alikuwa amesimama na mikono imening'inia. Alifanya jambo ambalo hakuna aliyemtarajia kulifanya. Alimtazama mama mkwe wake usoni.

"Mama," alisema, "tangu lini?"

"Tangu jana," alisema Somoe.

Bakiri hakuondoa macho.

"Tangu Jumamosi," alisema. "Nisamehe, baba. Tangu Jumamosi."

Daktari alikuwa tayari ameshika simu.


19. Kwa: Hospitali ya Rufaa. Kutoka: Kituo cha Afya. DHARURA.

Mgonjwa ni mwanamke, mtu mzima. Maumivu ya mgongo wa chini yaliyoanza kwa kuinama, yakapata nafuu, yakarudi ghafla baada ya kupiga chafya. Kwa sasa: ganzi sehemu za makalio na nyeti, mkojo kujaa na kuvuja, miguu yote miwili dhaifu. Inahofiwa diski imetoka na kubana mishipa ya mwisho wa uti wa mgongo. Anahitaji kipimo na upasuaji bila kuchelewa.

Kazi ya mgonjwa: mkulima (imefutwa) kungwi.


20. Alichosema daktari wa upasuaji, kama Tabia alivyowasimulia ndugu

Alisema kati ya pingili na pingili kuna kitu laini cha kuzipumzisha. Cha mama kimepasuka, kikatoka nje, kikalalia mishipa inayokwenda miguuni na kwenye kibofu. Alituonyesha kwenye picha. Mimi niliona weusi na weupe.

Shangazi alimwuliza nani amemfanyia. Daktari akasema hakuna. Shangazi akauliza kama ni kucheza. Daktari akasema hapana, watu wanaocheza migongo yao mara nyingi ni imara, na hata angekuwa karani wa ofisini ingeweza kumtokea. Akauliza kama ni kijiko. Akasema kijiko nacho hakina kosa, kilikutana tu na mgongo uliokuwa tayari njiani kuharibika. Shangazi hakuridhika. Alisafiri mbali kote huko, arudi nyumbani bila mtu wa kumlaumu.

Nikauliza mimi. Nikauliza kama mishipa itarudi. Akasema wametoa kilichokuwa kinabana, na operesheni yenyewe imekwenda vizuri. Akasema kama tungekuja mapema zaidi angenijibu kwa uhakika. Sasa kuna wanaorudiwa na yote, kuna wanaorudiwa na nusu, kuna ambao


21.

Wodini wauguzi walikuwa wachache, na kazi ya kumwosha mgonjwa iliwaangukia ndugu. Abiba alikuwa amerudi kijijini kuwaangalia wali, kwa kuwa msimu haungojei mtu. Akabaki Tabia.

Alivuta pazia. Akaweka beseni kwenye kigoda, akaminya kitambaa, akaanza usoni, akaja mabegani, akamgeuza mama yake ubavu kwa uangalifu wa kutogusa kidonda. Walizungumza habari za mtoto na za bei ya mikate pale getini. Kitambaa kilishuka mgongoni, kikafika kiunoni, na hapo mazungumzo yakaisha.

Tabia angeweza kuendelea kimya. Mama yake angeshukuru.

Lakini aliweka kitambaa kando. Akaweka mkono mtupu, wenye maji ya vuguvugu, pale ambapo daktari alikuwa akigusa kwa pamba kila asubuhi bila kupata jibu. Akapataja mahali hapo kwa jina lake, lile lenyewe, ambalo Somoe alilifundisha kwa mabinti wa watu wote isipokuwa huyu.

"Hapa, mama. Unasikia?"

Somoe alifumba macho. Nje ya pazia mtu alikohoa, mtu mwingine akaomba maji. Yeye alikuwa ameshuka ndani ya mwili wake mwenyewe, polepole, anapapasa, anasikiliza.

"Mama?"

"Subiri," alisema Somoe. "Usiondoe mkono."